Prometheus (2012): miaka 33 tukingoja tuambiwe lile jitu ni nani, wakatuambia, na mabaharia wakasahauliwa (uzi mrefu, una spoila)

#1 Mwenye uzi, Amu

Salaam aleikum wadau. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara tatu, manake kila nikianza najikuta nalia tu kama mtu aloibiwa, na mimi sikuibiwa, hii muvi naipenda na inaniuma vilevile, sa nataka nikae niieleze sawasawa. Kama hujaiona na una nia ya kuiona toka saa hii, nitataja mpaka nani anakufa na anakufaje.

Kwa ambaye hajui. Mwaka 1979 Ridley Scott alitoa Alien. Watu saba ndani ya chombo cha mizigo kinaitwa Nostromo wanaamshwa usingizini katikati ya safari, wanaambiwa kuna mlio umesikika mahali waende wakatizame. Wanakwenda, wanakuta chombo kikubwa kimekwama kwenye mawe, si kazi ya binadamu, na ndani mna jitu limekaa kwenye kiti limekufa zamani mpaka limekuwa jiwe, na mifupa ya kifua imepinda kwa nje, yani kitu kilitoka ndani yake. Wanalimulika na tochi, wanaongea maneno mawili matatu, wanapita. Basi. Muvi hairudi tena pale. Mdudu anatoka, watu wanakufa, Ripley anabaki na paka.

Mimi 1979 hata sikuwa nimezaliwa. Nliiona kwa kanda ya vidio nyumbani kwa ami yangu, kanda yenyewe imechoka mistari inapita chini ya skrini, nlikuwa na miaka kumi na moja, na kilichoninyima usingizi si yule mdudu wadau, ni lile jitu. Nlikuwa nalala nawaza alikuwa anakwenda wapi, alikuwa na nani, kwao walimngoja mpaka lini. Tulikuwa tunajua hapa Amu (Lamu) vyombo vilivotoka na visirudi, na nlikuwa nawaona watu wa nyumba zile wanavyoitizama bahari, kwa hiyo jitu limekaa kwenye usukani limekufa peke yake halikuwa jambo la kigeni kwangu hata kidogo.

Sasa 2012 Scott mwenyewe akarudi. Alikuwa hajagusa sai-fai tangu Blade Runner ya 1982, miaka thelathini. Akaleta Prometheus, ambayo ni prikweli, yani imetoka nyuma lakini hadithi yake ni ya kabla ya ile ya 1979, watu wanasafiri mbali na chombo kinaitwa Prometheus kumtafuta alowaumba binadamu. Treila zake nlizitizama kwenye simu mpaka nazijua kwa moyo. Sinema ikatoka Juni, sisi tukaipata dividii mwisho wa mwaka, imekuja na jamaa kutoka Mombasa, basi mpaka Mokowe alafu boti.

Tuliitizama darini kwa binamu yangu Mkomani. Projekta ya kuazima, shuka jeupe tumelifunga kwenye boriti za makuti kwa kamba ya mashua. Kaskazi ilikuwa imeshaanza kuvuma, na ule upepo ukawa unalijaza lile shuka kama tanga, linavimba linarudi. Muvi inaanza na maporomoko ya maji, yale ni ya kweli, Dettifoss kule Iceland, na juu yake limesimama jitu jeupe halina unywele, linavua joho, linafungua kikombe lina kitu cheusi linakunywa, alafu mwili wake unaanza kukatika vipande unaingia majini. Na shuka linavimba pale pale, maji yote yanatujia sisi. Hakuna alosema neno. Bibi yangu alikuwa nyuma kwenye mkeka hajui Kizungu hata kimoja, akauliza taratibu, "Kanwa nini huyo?" Nkamwambia bibi tulia tutaambiwa. Mpaka leo sina jibu la kumpa.

Ile dakika tano ya kwanza naiweka pamoja na vitu vizuri nlivoviona maishani, wallahi. Picha zake zote ni nzuri. Ile ramani ya nyota inayowaka gizani David, roboti wao, kasimama katikati yake kashika dunia kwenye kiganja, mimi hiyo nimeirudia sijui mara ngapi. Pesa zilionekana zilipokwenda, ilitengenezwa kwa kama dola milioni 130 na ikaingiza zaidi ya milioni 400, kwa hiyo asiseme mtu ilianguka.

Lakini sasa.

Nikiwa darasa la sita tulipelekwa na shule Takwa, magofu ya mji wa kale kule Manda. Mwajua kule lazima uende na maji yamejaa, mashua inapita katikati ya mikoko mpaka unafika. Watu walihama pale karne ya kumi na saba, wazee wanasema ndo hao walokuja kujenga Shela. Wenzangu wakakimbilia kwenye msikiti wenye ile nguzo juu ya kibla, mimi nkaingia kwenye nyumba moja haina paa, nkakuta kidaka ukutani, nkatia mkono. Chokaa ilikuwa baridi na laini, na kwenye ukingo kuna mahali pamelika, pamekuwa kama kijibonde, pale ambapo mtu alikuwa anaweka kidole kila akichukua kitu. Taa labda. Sijui. Nkabaki pale mpaka mwalimu akaniita. Yule mtu simjui jina wala sura na nlikuwa nimeweka kidole pale pale alipoweka yeye.

Hivo ndivo lile jitu la 1979 lilivokuwa. H.R. Giger alolichora alilifanya hujui mtu anaishia wapi kiti kinaanzia wapi, mle ndani wenyewe wanasema ni kama limeota pale. Na sikizeni hii, Scott wakati ule alitaka lionekane kubwa zaidi, basi akawavisha watoto wake wawili mavazi ya anga pamoja na mtoto wa mpiga picha, akawapiga kwa mbali wakilizunguka lile jitu, tukadhani ni watu wazima. Alihangaika hivo ili mimi nijione mdogo mbele ya lile kiti. Na nilijiona.

Miaka 33 baadaye yuleyule mtu anatuambia ile mifupa na ule mkonga wa usoni vilikuwa vazi. Wanafungua kile kichwa kama unavofungua sufuria, ndani mna mtu mweupe, mrefu, ana kifua, ana macho mawili na pua. Wanapima chembechembe zake wanakuta ni sawa na zetu. Pale darini nlisikia kitu kimeshuka ndani yangu, si hasira, ni kama vile umengoja mgeni wa mbali mno alafu mlango ukifunguliwa ni jirani.

Na wengi wakiisema hii muvi vibaya wanasema ooh imeacha maswali haikujibu. Mimi nasema kinyume. Maswali iloacha sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni lile moja ililojibu.

Na hata hilo haikulijibu vizuri! Kuna watu mpaka leo wanaamini chombo kilichoanguka mwisho wa Prometheus ndo kile cha Alien. Sicho. Kile cha Alien kiko kwenye mwezi unaitwa LV-426, hawa wametua mwezi mwengine, LV-223, na yule jitu wa mwisho hafi kwenye kiti, anafia ndani ya kile chumba cha kujiokoa cha Vickers, bosi wa safari, ameshikwa na lidudu lenye mikono kama pweza. Kwa hiyo lile jitu langu la kwenye kiti bado halina hadithi, walilivua nguo tu wakaliacha pale.

La pili, na hili ndo kubwa zaidi kwangu, ni mabaharia.

Nostromo ni jahazi la mizigo. Inavuta kiwanda kina tani milioni 20 za madini kurudi duniani, na mtu wa kwanza kulalamika mle ndani, Parker, analalamika kuhusu malipo. Yeye na Brett wanafanya kazi chini kwenye mitambo, kwenye mvuke, wanapata fungu dogo kuliko wa juu, na wanalisema mezani wakila. Hilo ni jambo nimelisikia kila siku ya maisha yangu. Mashua ya ami yangu ikishauza samaki kuna fungu la chombo, fungu la nahodha, fungu la nyavu, kisha ndo mabaharia, na kila mara pana mmoja anakuna kichwa. Ndo mana yule mdudu akianza kuwaua unaumia, ulishakaa nao mezani.

Chombo cha Prometheus kina watu 17. Nitajieni majina kumi bila kutizama popote. Wamelala zaidi ya miaka miwili, wanaamka, na kuna wengine ndo wanajuana pale pale, yani wameingia chombo kimoja safari ya maisha bila kujuana. Hakuna nahodha wa Amu atakayetoka hivo hata kwenda Kiwayu. Alafu Fifield, ambaye kazi yake ni kuchora njia, karusha vile vidude vyake vinapima pango lote, ramani iko kamili kule chomboni, na yeye ndo anapotea. Kofia za hewa wanavua ati kwa sababu mashine imesema hewa ni safi. Na Millburn, huyu ni msomi wa viumbe, anaona kitu kama nyoka kinasimama kwenye maji meusi kimefungua shingo kama fira, anakisemesha kama mtoto wa paka na anakinyooshea mkono.

Ami yangu kavua miaka arobaini. Gumba lake la kulia lina kovu limekwenda mpaka kiwikoni mwa kidole, lile ni la mkunga, yule samaki kama nyoka, alitia mkono kwenye dema, mtego wa samaki, akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Mpaka leo dema likipanda analiinamisha kwanza juani, anatizama, anangoja, na kama kuna kitu hakijui analigeuza lote linarudi majini na samaki walomo. Hakusoma. Yule Millburn akauawa na mimi nkashindwa hata kusikitika na hilo ndo linaloniuma, kwa sababu muvi hii ilinitaka nisikitike.

Alafu Shaw, mwanasayansi wa kike mle chomboni, ana kiumbe tumboni anataka kitolewe. Ile sehemu ya kitanda cha upasuaji ndo bora kuliko zote za kutisha humu, anabonyeza anaomba, mashine inamwambia imepangiwa wanaume tu (na hapo ukiwa makini unajua kuna mwanamume kafichwa mle chomboni, ni Weyland, mzee tajiri alogharimia safari), anaipanga upya kwa mkono unatetemeka, anakatwa akiwa macho, anashonwa kwa vyuma, anatambaa anatoka. Nlikuwa nimeshika kamba ya shuka nimeikaza mpaka mkono umepiga mistari. Na akitoka, ana damu, kajishika tumbo, anaingia chumba kina watu, na hakuna anayemuuliza umefanywa nini. Hakuna! Kule Nostromo Kane akilala mgonjwa wote wanakusanyika kwenye kioo wanamtizama. Hapa mtu katoka kupasuliwa na mazungumzo yanaendelea.

Sasa nikiacha hapa nitakuwa nimeionea, kwa sababu kuna David.

David ni roboti, kachezwa na Michael Fassbender. Wenzake wamelala, yeye yuko macho peke yake miaka miwili na zaidi mle ndani. Anajifunza lugha za kale. Anapanda baiskeli anazunguka uwanja wa mpira wa kikapu na anatupia mpira akiwa juu ya baiskeli. Anatizama Lawrence of Arabia anachana nywele zifanane na za yule mchezaji. Hakuna anayemwona. Mimi hapo nlimpenda kabla sijajua atafanya nini.

Alafu inakuja ile sehemu ya meza ya bilyadi. Holloway, mwanasayansi na mpenzi wa Shaw, kalewa, kavunjika moyo, kasafiri mbali kote kumtafuta alomuumba kakuta maiti. David anamletea chupa. Anamuuliza kwa upole, nyinyi mlinitengeneza kwa nini? Holloway anajibu, kwa sababu tuliweza. Na David anamwambia, fikiria utajisikiaje ukiambiwa hivohivo na alokutengeneza wewe. Holloway anacheka, haoni kwamba keshajibiwa. David anamuuliza tena uko tayari kufanya nini ili upate majibu yako, yule anasema chochote, na ndo kile kidole chenye tone jeusi kinagusa kinywaji. Kaomba ruhusa kwanza. Wadau, mle chomboni watu wote wanamtafuta alowaumba, na ni mmoja tu ambaye walomuumba anawaona kila siku, anawaamkia, anawaletea vinywaji, na ameona walivyo. Muvi nzima iko kwenye ile dakika tatu na haikuhitaji jitu lolote.

Hiyo ndo hoja yangu. Walikuwa na David, wakaona hatoshi, wakaenda kufukua kaburi. Karibuni.


#2 Mdau wa Shela

Kaka nimesoma yote na mwanzo nikushukuru, uzi wa maana. Lakini hapo kwenye jitu sikubaliani nawe kabisa. Kuwa mtu kama sisi ndo shabaha yenyewe. Unakwenda mwisho wa nyota kumtafuta alokufanya, unamkuta, ana sura yako, na anakuchukia bure. Angekuwa mnyama wa ajabu ingekuwa rahisi, ungesema ah huyu hatuelewani. Mimi ile sehemu wanamwamsha, mzee Weyland kasimama na fimbo anataka aongezewe umri, David anamsemesha kwa lugha yake na sisi hatupewi sabtaito, yule anamshika David kichwa kama anambariki alafu anaking'oa, nlisimama.

Na jambo la pili, wewe umesifia unahodha wa Amu, mbona nahodha wa hii chombo humsemi? Janek aliwaacha watu wawili wamekwama usiku kule pangoni akaondoka kwenye mitambo akaenda na Vickers. Ndo wakati wale walikufa. Hakuna alokuwa anawasikiliza.


#3 Mwenye uzi

Kwenye Janek umenishika. Nilikuwa namsitiri, manake nampenda, Idris Elba ni mtoto wa baba wa Sierra Leone na mama wa Ghana na nlipomwona kakaa kwenye kiti cha nahodha na kinanda chake cha mkononi nlijisikia vizuri. Lakini umesema kweli, chombo kina watu nje usiku na hakuna alobaki kwenye redio, hilo halina utetezi. Kama angekuwa hapa asingepewa chombo tena.

Hata hivo tizama mwisho wake. Yeye ndo peke yake alotambua pale walipo ni ghala la silaha, bila shahada bila kipimo, kwa kutizama tu mahali palivojengwa mbali na kwao wenyewe. Akamwambia Shaw wazi kwamba yeye kazi yake ni moja, kile kitu hakifiki nyumbani. Na kikitaka kuruka akageuza chombo chake akakigonga nacho, na wale marubani wake wawili, Chance na Ravel, akawaambia shukeni wakakataa. Wanakufa wanataniana. Zile dakika ni za Nostromo kabisa, ni mabaharia. Kwa nini sikupewa saa nzima ya watu hawa?

Sasa kwenye jitu. Hoja yako ni nzuri na imenifanya nikae chini nifikiri, nilikuwa naiandika jibu tangu alasiri. Nakubali kwamba kukutana na alokuumba ukakuta ana sura yako na hakutaki, hilo lina uzito. Na ile ya Weyland nakubali pia, yule mzee kafika na pesa zote zile akapigwa na kichwa cha roboti wake mwenyewe. Lakini kaka, hiyo hadithi ingesimama bila kukigusa kile kiti. Wangeweza kuwa na watu wao weupe, na kikombe cheusi, na hasira zao, wakaja na chombo chao chengine chenye umbo lengine. Hakuna aliyewalazimisha kuchukua lile jitu la 1979 wakasema huyu ndo yule. Kabla ya muvi kutoka Scott mwenyewe alikuwa akisema si prikweli ya moja kwa moja, ina damu tu ya ile ya kwanza. Angebaki hapo. Hadithi yake ilikuwa na miguu yake.


#4 Mdau wa Malindi

Jamani mie ni mama wa watoto watatu na hizi muvi ndo starehe yangu watoto wakilala, msinishangae. Kuna vitu viwili havijasemwa humu.

Kwanza mwajua ndani ya ule mdudu wa 1979 alikuwa nani? Bolaji Badejo, Mnigeria, mwanafunzi wa sanaa kule London, urefu wake futi sita na inchi kumi. Walimkuta kwenye baa, wakaona miguu ile na mikono ile, wakajua binadamu atakayeingia ile nguo bila kuonekana binadamu ni huyu. Hakuigiza muvi nyengine. Alifariki Lagos 1992. Kila mtu anamjua yule mdudu na yeye hakuna anayemtaja, na mie nikimwona anavojikunjua taratibu pale kwenye minyororo namwona yeye.

La pili, nyinyi mwazungumza vyombo vya anga kama vitu vya mbali. Mie nimezaliwa Ngomeni. Ile mitambo ya Waitaliano ya kurushia roketi iko baharini pale mbele yetu, imesimama kwa miguu ya chuma kwenye maji. Setilaiti ya Uhuru iliondoka pale tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ndo mana ikaitwa vile, na ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutizama nyota kwa eksirei. Babangu alikuwa mvuvi, alikuwa akisimulia wakirusha walikuwa wanaambiwa wasiingie upande ule. Roketi ya mwisho ilitoka 1988. Sasa hivi vile vyuma vina kutu, ndege wamejaa juu, chini kwenye miguu kuna chaza na samaki. Nlipoiona Nostromo mara ya kwanza na ule uchafu wake na maji yanatona darini nlisema hapa ni kwetu. Prometheus ilikuwa safi mno nkajiona mgeni.


#5 Mwenye uzi

Dadangu wa Ngomeni, umeniliza. Hilo la vyuma nimelisoma mara mbili. Nimepita pale na mashua tukienda Malindi, jua likiwa linazama nyuma yake, na nlinyamaza bila kujua kwa nini, sasa umenipa sababu. Hapo ndo paliporushwa kitu kilichosaidia watu kuijua Cygnus X-1, ambayo ndo ilikuja kuaminiwa kuwa shimo jeusi, na chini yake watu wanatega madema.

Na umelisema jambo nililokuwa nalitafuta neno lake. Usafi. Hadithi ya Prometheus inakwenda 2093 na ile ya Alien ni 2122, yani kabla, na bado chombo cha kabla kinang'aa kuliko cha baada. Mtu atasema kile ni cha tajiri na kile ni cha mizigo, sawa, sababu ipo. Lakini kwenye chombo kisafi huoni mkono wa mtu. Huoni aliyeweka kikombe pale, huoni picha zilobandikwa, huoni pale palipolika. Ndo kidaka changu hicho.

Na Badejo, Mungu amrehemu. Naona aibu kuwa sikumtaja mimi.

Nimekumbuka pia kitu kuhusu Alien: Romulus ya 2024, ya Fede Álvarez. Kuna watu wanaidharau ati inakariri za zamani. Mimi nliipenda kwa sababu mwanzoni tuko kwenye mji wa wachimba madini, msichana kamaliza masaa yake ya kazi anakwenda kuomba karatasi ya kuondoka, anaambiwa masaa yameongezwa. Basi mimi nkawa wake mpaka mwisho. Yule mtengenezaji alijua mlango wa kuingilia hii nyumba uko wapi.

Alien: Covenant ya 2017, iloendeleza Prometheus, sitaki kuisema sana. Walimuua Shaw bila kutuonesha, mwanamke aliyejipasua mwenyewe na akaendelea kutembea, tukamkuta maiti mezani. Nlizima nkaenda kulala. Nliimalizia kesho yake kwa ajili ya David tu.


#6 Mdau wa Shela

Haya. Kwenye kiti nakubali ingekuwa bora wangekiacha. Kwenye sura ya jitu sikubali na sitakubali. Ila nimeirudia jana usiku baada ya huu uzi na ile ya meza ya bilyadi nimeiona kama mpya, sikuwa nimegundua kuwa kaomba ruhusa.


#7 Kijana wa Langoni

Kaka zangu na dada, mimi sijaona hata moja. Nimesoma uzi wote japo mlisema tutoke. Nianze na ipi, nifuate miaka ya hadithi au miaka ya kutoka? Kuna rafiki yangu kanipa flashi kaniambia anza Prometheus kwa sababu ndo ya kwanza kwa hadithi.


#8 Mwenye uzi

Mdogo wangu, usianze na Prometheus. Nakusihi. Ukianza nayo utafika kwenye Alien ukiwa unajua kila kitu, utaliona lile jitu kwenye kiti useme ah, ni wale wazungu wakubwa, utapita. Utakuwa umenyimwa kitu ambacho sisi wote humu tulipewa bure.

Anza na ya 1979. Iwe usiku, taa zima, simu weka mbali, na usiwe na watu wa kupiga soga. Mwanzo itakwenda polepole, watu wanakula, wanabishana pesa, vumilia, kaa nao, hao ndo watakuumiza baadaye. Alafu ya 1986 ya James Cameron, hiyo ni vita lakini ni nzuri na Ripley ni yuleyule. Hapo pumzika hata wiki. Kisha Prometheus, ukiwa na lako la kuuliza. Za katikati utaziona ukipenda.

Na yule rafiki yako mwambie hiyo flashi ailete, ila iwe na Alien. Kama hana, ninayo mimi. Ijumaa baada ya isha tutakuwa darini Mkomani, pale pale. Shuka bado lipo.